Nukta tano nilizochora mwenyewe kwenye kadi ya Nasra

Jumatano, mwezi wa saba. Hospitali ya Ndanda, saa nane mchana.

Huku bondeni kuna jua kali. Juzi tuliondoka kwetu Mkunya, huko juu, na ukungu wa asubuhi, nimemvisha Nasra masweta mawili na kofia ya sufu, na leo nimekaa kwenye baraza la wodi ya watoto jasho likinitiririka mgongoni. Nasra amelala ndani. Ana mpira mwembamba unaoingia puani, umebandikwa shavuni kwa plasta. Nimetoka nje kwa sababu siwezi kuutazama kwa muda mrefu.

Nina jambo la kuandika na sijui nilianzie wapi. Hapa kwenye blogu nimezoea kuandika habari za darasani, watoto wa darasa la nne na mikasa yao ya hesabu za sehemu. Wengine mmeniandikia kwamba mimi ni mwalimu mwenye subira.

Leo sina la kusifiwa.

Nimeidanganya kadi ya kliniki ya mwanangu. Kwa miezi mitano.

Nasra ni mtoto njiti. Alipaswa kuzaliwa mwezi wa sita, akazaliwa mwezi wa tatu, ana kilo moja na gramu mia. Mguu wake ulikuwa mfupi kuliko kidole changu cha kati. Alilishwa kwa mpira uliopita mdomoni, wiki saba, matone ya maziwa yangu yakipimwa kwenye bomba la sindano, nami nikimbeba kifuani ngozi kwa ngozi mchana kutwa. Siku tuliyoruhusiwa kwenda nyumbani nilidhani tumeshamaliza. Niliambiwa atakuwa akienda kliniki kila mwezi na nikaitikia kwa kichwa, kama mtu anayeambiwa asisahau mwavuli.

Kumbe kuishi lilikuwa jambo moja na kukua jambo jingine.

Wenzake walikaa, yeye akalala. Wenzake wakatambaa, yeye ndiyo kwanza anakaa, tena kwa kuegemezwa mito. Sasa ana miaka miwili na miezi minne. Hatembei. Husimama akishika ukingo wa kitanda, magoti yakimtetemeka, halafu hukaa chini taratibu na kunitazama kana kwamba ananiomba radhi. Hasemi zaidi ya maneno matatu. Na hali chakula. Ukimpa uji hukaa nao mdomoni hadi upoe, kisha anapaliwa, anakohoa, anatapika na kile kidogo kilichokuwa kimeshaingia. Kila mvua ikinyesha kifua kinambana.

Mwezi wa kwanza mwaka huu nilimpeleka zahanati kama kawaida. Tulikuwa kina mama kumi na kitu kwenye benchi. Nasra akatundikwa kwenye mzani, miguu ikining'inia, na nesi akasoma kwa sauti huku akitia nukta kwenye mchoro wa uzito wa kadi: kilo saba na gramu mia nane. Pembeni yangu alikaa mama mmoja na mtoto wa miezi tisa. Wa kwake alikuwa amepimwa kabla yetu, na alikuwa mzito kuliko wangu.

Nyuma yangu nikasikia mtu akinong'ona, "Huyo kabemendwa."

Ambao hamjui neno hilo, heri yenu. Kwetu, mtoto akidumaa husemwa kwamba wazazi wake hawakutulia. Mama au baba ametoka nje ya ndoa, kisha akaja kumshika mtoto, na mtoto akaharibika. Mume wangu, Baba Nasra, ni fundi wa pikipiki Masasi mjini. Huondoka nyumbani Jumatatu alfajiri na kurudi Jumamosi jioni. Kwa hiyo ukisema Nasra amebemendwa, huhitaji kumaliza sentensi. Mke asiye na mume nyumbani siku tano kwa wiki, mwalimu, mwenye simu kubwa. Watu watajaza wenyewe.

Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, hakuwahi kulitamka neno hilo mbele yangu. Alisema tu siku moja, kwa Kimakonde, huku akichambua mbaazi, kwamba katika ukoo wao hakujawahi kuwa na mtoto wa namna hii. Akaendelea kuchambua mbaazi.

Mwezi wa pili sikwenda kliniki.

Jumamosi yake Baba Nasra alirudi, akanawa mikono yenye oili, akauliza kama anavyouliza kila mwisho wa mwezi, "Kadi iko wapi?" Nikamwambia nitaitafuta. Nikaingia chumbani, nikafunga mlango, nikachukua kalamu. Ilinichukua muda mfupi kuliko kuandika tarehe ubaoni. Nukta moja, juu kidogo ya ile ya mwezi wa kwanza. Nikaiunganisha kwa mstari.

Alipoiona alisema, "Amepanda." Mama yake akainua uso. Nikaona midomo yake inalegea, nami nikalala usingizi ambao sikuwa nimeulala tangu mwaka uanze.

Mwezi wa tatu ikawa rahisi zaidi. Mimi ni mwalimu wa Hisabati. Najua kwamba mstari unaopanda haraka mno hauaminiki, kwa hiyo mwezi wa nne nilipandisha kidogo sana, ili wa tano uonekane wa kawaida. Kufikia mwezi wa sita Nasra wa kwenye kadi alikuwa na kilo tisa na gramu mia sita. Alikuwa mtoto mzuri. Wakati mwingine nilimwonea wivu mama yake.

Na huyu wa kweli nilimfanya nini?

Nilimkaba. Acha niliandike kama lilivyo. Mama mkwe alinionyesha namna walivyowanywesha watoto zamani: unamlaza mapajani, unafanya kiganja chako kama kijiko mdomoni mwake, unamwaga uji, unambana pua, atameza tu apate pumzi. Nilifanya hivyo kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni. Nilitaka mwili wake uifikie kadi kabla watu hawajagundua. Alikuwa akilia, uji ukimtoka puani, nami nikilia na kumwambia, "Meza, mama, meza, nitachelewa kipindi." Nikimaliza nanawa, navaa baibui, naenda kufundisha watoto wa wenzangu.

Ilifika mahali akiniona tu nimekaa na kikombe anafumba mdomo na kuugeuza uso ukutani. Mtoto wa miaka miwili, mama yake akikaa karibu, anaugeukia ukuta.

Jumamosi iliyopita Baba Nasra hakurudi, alikuwa na kazi nyingi. Jumapili Nasra akaanza kuchemka mwili na kupumua haraka, mbavu zikionekana kuingia ndani kila pumzi. Jumatatu saa moja asubuhi nilikuwa zahanati. Nesi niliyemkuta ni mgeni, hanijui wala hamjui Nasra. Akampima: kilo saba na gramu mia sita. Akaifungua kadi. Akampima tena. Uso ukambadilika.

"Mama, mtoto amepungua kilo mbili tangu mwezi wa sita! Huyu ni wa Ndanda sasa hivi, si wa kusubiri."

Nilikuwa na nafasi pale. Sentensi moja tu. Nikamtazama akiandika barua ya rufaa, mkono wake unakimbia, na sikusema kitu. Niliwaza: nikisema, atamwambia mwenzake, mwenzake atamwambia dada yake, na kufikia saa nne shule nzima itajua.

Tulipita Masasi saa tano. Karakana ya mume wangu iko hatua chache kutoka stendi. Sikumpigia.

Daktari tuliyempata hapa ni dada mdogo kuliko mimi, mpole, anaongea na watoto kabla ya kuongea na wazazi. Alisoma barua, akaitazama kadi kwa muda mrefu, akaniuliza maswali. Anaharisha? Anakohoa damu? Nyumbani kuna mtu mwenye kifua kikuu? Mmehama? Amekula kitu? Nilijibu hapana, hapana, hapana. Akaandika vipimo, na dawa ya kifua ikaanza jioni ile ile. Alisema mtoto aliyekuwa akipanda vizuri hivi hawezi kuporomoka kwa wiki tatu bila ugonjwa mkubwa, na lazima tuutafute.

Tuutafute. Ugonjwa ambao niliuchora mwenyewe kwa kalamu.

Jana asubuhi walikuja kumtoa damu. Mishipa ya Nasra ni kama nyuzi. Wakajaribu mkono wa kulia, mshipa ukapasuka. Mkono wa kushoto, vivyo hivyo. Nilikuwa nimemshika kichwa, na nesi, mama mtu mzima mwenye sauti ya taratibu, akawa anamwambia, "Pole, bibi, pole, tumekaribia." Kile kidogo kilichopatikana hakikutosha vipimo vyote vilivyoandikwa. Wakarudi saa nne kutafuta mguuni. Nasra hakulia tena. Aliitazama sindano, akageuza uso ukutani.

Hapo ndipo niliposhindwa.

"Sista, acheni," nikasema. "Hakupungua."

Yule mama akasimama na sindano mkononi. "Unasemaje?"

"Hajapungua kilo mbili. Hakuwahi kuzifika. Mimi ndiye niliyezijaza hizo nukta. Toka mwezi wa pili."

Wodi ina vitanda kumi na viwili, na mama wa kitanda cha jirani akageuka kututazama. Nesi akaweka sindano kwenye sahani. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Akaenda kumwita daktari.

Daktari alikuja akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu, polisi, ustawi wa jamii, kunyang'anywa mtoto. Akauliza, "Mwalimu, nukta ya mwisho ya kweli ni ya lini?"

"Mwezi wa kwanza."

"Basi tunaanzia hapo." Akachukua kalamu nyekundu, akazikata zangu zote tano, moja moja. Halafu akasema, bila kunitazama, "Tungeweza kumpa dawa za ugonjwa asio nao. Naomba ulijue hilo."

Nalijua. Nitalijua hadi nife.

Kisha akamchunguza Nasra upya, kama mtoto mwingine kabisa. Alimpa maji kwa kijiko kidogo na kumshika kooni kwa vidole viwili, akihesabu muda anaochukua kumeza. Akapima urefu. Akapitisha mkanda kuzunguka kichwa. Alipomaliza akanieleza, na nitajaribu kuandika nilivyoelewa, kwa sababu huenda kuna mama mwingine anasoma hii akiwa na kalamu mkononi.

Alisema mtoto aliyezaliwa mapema hivyo hukosa ile miezi ya mwisho tumboni ambayo mwili hujiwekea akiba. Mapafu yake hufanya kazi kubwa kuliko ya wenzake, na kupumua tu kunakula chakula chake. Mpira wa wiki saba ulifundisha mdomo wake kwamba kinachoingia pale kinaumiza. Anameza polepole na vibaya. Uji mwingine huteremkia njia ya hewa, ndiyo maana kifua hakiponi. Hakuna aliyembemenda. Hilo alilisema bila mimi kuuliza. Nadhani amewaona wengi kama mimi.

Nikamwambia kuhusu kiganja. Kuhusu kubana pua.

Akafumba macho kidogo. "Hapo ndipo uji ulipokuwa unaingia mapafuni," akasema. "Na ndiyo maana anaogopa."

Kwa hiyo vifua vya mwaka huu, vingine nilimpa mimi. Asubuhi, kabla ya kipindi cha kwanza.

Niliuliza swali ambalo kila mama wa njiti hulibeba: atawafikia wenzake? Nilitaka anidanganye. Mimi mwongo nilimtaka daktari awe mwongo. Alisema huenda akatembea, dalili za miguu si mbaya, mazoezi yataanza hapa hapa. Uzito wanaweza kuupandisha. Urefu, pengine atabaki mdogo. Lakini kichwa kimekua kidogo sana tangu mwaka jana, na hiyo miaka miwili ya mwanzo ndiyo ubongo unapohitaji chakula kuliko wakati wowote. "Kiasi gani kimepotea sijui," akasema. "Tungejua mapema zaidi, tungeanza mapema zaidi. Lakini hata hapo nisingekuahidi."

Miezi mitano. Najaribu kuigawanya ili iwe midogo. Wiki ishirini na kitu. Haigawanyiki.

Mpira waliuweka jana alasiri. Safari hii puani, wiki kadhaa, apate maziwa ya kutosha bila kupigana na mdomo wake, huku akifundishwa kumeza upya kwa kuchezea kijiko kitupu. Niliombwa idhini. Nikasaini. Walipouingiza alinishika kidole, akanitazama muda wote. Hakuugeukia ukuta. Sijui hilo lina maana gani, nami sithubutu kulipa maana.

Kabla ya magharibi nilimpigia Baba Nasra. Nilisema maneno machache tu: "Tuko Ndanda. Njoo." Hakuuliza.

Amefika leo saa tatu asubuhi kwa pikipiki ya mteja wake, vumbi hadi kwenye kope. Amesimama kando ya kitanda akiutazama ule mpira. Nikamwambia yote, nimesimama, kwa sababu sikuona kama nina haki ya kukaa. Mwezi wa pili, kalamu, uji, kiganja, sindano. Nilipomaliza nikasubiri.

"Nilijua," akasema.

Sikuelewa.

"Mimi nanyanyua injini kila siku, Mama Nasra. Kila Jumamosi nilimbeba huyu. Mikono yangu ilijua hajaongezeka hata robo."

"Sasa mbona hukusema?"

Kitanda cha pili mtoto alikuwa akipiga kelele akitaka maji. "Nilitaka kadi iwe kweli," akasema. "Na mama alikuwa amenyamaza. Nyumba ilikuwa imetulia."

Nikamuuliza lile ambalo sikuwahi kuthubutu. Je, uliamini maneno ya watu? Kuhusu mimi?

"Siku nyingine niliamini," akasema. Halafu akaanza kulia, mwanaume mzima, mbele ya kina mama wa wodi, akijifuta kwa mkono wenye oili hadi uso ukawa na mistari. Sikujua kama nimshike au nimpige. Nikampa kanga yangu ajifute.

Ndipo nilipoona tulichofanya katika nyumba ile. Mimi nilimdanganya, yeye akakubali kudanganyika, mama yake akapumzika. Tulikuwa watu wazima watatu wenye amani. Na katikati yetu alikuwapo mtoto mwenye njaa.

Amekwenda kwenye bomba la nje kunawa. Amesema leo ataongea na mama yake mwenyewe, ana kwa ana, na kwamba kesho atarudi na nguo. Sijui kama ndoa yetu itapona haya. Sijui nikirudi shuleni wataniangalia vipi, maana nimelibandika jambo hili hapa na Mkunya nzima ina simu. Sijali kwa leo. Kesho huenda nikajali.

Nasra ameamka, namsikia. Saa tisa wanaleta maziwa yake. Asubuhi nimemwomba yule nesi mtu mzima anifundishe kushika bomba la kumlishia, kuliinua juu kidogo na kuyaacha yashuke yenyewe. Amesema kazi hiyo haitaki nguvu. Unashika tu, unasubiri, na ikiwa mtoto anakohoa unasimama.

Mwanangu, mama yako amechelewa. Utaniruhusu nikushikie?